Siku kumi za kutafuta mtaa Valencia

Siku ya 1, Jumanne

Nimetua saa tisa alasiri na masanduku mawili. Moja lina nguo. La pili lina vitabu, unga wa sembe kilo mbili na mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukunja. Afisa wa forodha aliitoa, akagusa meno yake kwa ncha ya kidole, akanitazama, akairudisha bila neno. Mume wangu alikuwa ameniambia niiache.

Kwa wasionifahamu: mimi ni mhandisi wa maji, mzaliwa wa Tanga, na nimekuja Valencia kusomea umwagiliaji kwa miaka miwili katika Chuo Kikuu cha Politécnica. Mume wangu na binti yetu wa miaka tisa watanifuata Januari. Hosteli nimeilipia siku kumi, na kabla hazijaisha nataka niwe na ufunguo wa nyumba mkononi. Bajeti ni euro 900 kwa mwezi. Hesabu hiyo tumeipiga mara nyingi hadi karatasi imetoboka.

Treni ya chini ya ardhi inatoka uwanja wa ndege mpaka katikati ya mji bila kubadilisha. Nimeshuka kituo cha Xàtiva, nikapandisha masanduku ngazini, nikapokelewa na jasho ninalolijua vizuri: lile la Tanga mwezi wa Machi, linalokaa mwilini lisikauke. Saa mbili usiku jua lilikuwa bado halijazama, na watu walikuwa ndio kwanza wanaanza kufikiria chakula.

Mwalimu aliyenifundisha Kihispania kule nyumbani, mzee aliyesomea Cuba, alipenda kufukua asili ya maneno. Alinieleza kwamba mtaa kwa Kihispania ni *barrio*, na kwamba neno hilo lilitoka kwa Waarabu waliotawala huku, likimaanisha sehemu ya nje, nje ya ukuta wa mji. Mzizi wake ndio huo huo uliotupa sisi neno bara. Nimelikumbuka leo nikiandika daftarini sharti langu la kwanza: nyumba iwe karibu na bahari. Nisafiri kote huku kutoka Tanga, halafu nikakae bara?

Siku ya 2, Jumatano. Ruzafa

Kila niliyemuuliza kabla ya safari alinitajia Ruzafa, basi nimeanzia huko. Kutoka hosteli ni kutembea dakika kumi, nyuma ya stesheni kuu. Jina lenyewe linatokana na bustani ya kifalme iliyokuwapo hapa enzi za Waarabu, na mfalme Jaume wa Kwanza alipiga kambi yake hapa kabla mji haujasalimu amri mwaka 1238. Sasa ni mtaa wa majengo ya zamani yenye roshani za chuma, maduka ya vitabu yanayouza kahawa, na vinyozi wanaouza pombe. Soko lake limepakwa rangi kama pipi. Ndani ya soko nimefurahi, kusema kweli. Mwuza samaki alinionyesha pweza kwa fahari ileile ya wavuvi wa Deep Sea kule kwetu.

Nyumba yenyewe ilitangazwa kuwa ya vyumba viwili, ghorofa ya kwanza, euro 1,150. Nilijua imezidi bajeti, ila nilitaka kuona. Ghorofa ya kwanza ilikuwa ya tatu: unapanda moja inaitwa *entresuelo*, unapanda nyingine inaitwa *principal*, ndipo hesabu inaanza. Chumba cha pili dirisha lake linatazama shimo la hewa lililo katikati ya jengo. Wenyewe wanaliita *patio de luces*, ua wa mwanga. Nikatoa kichwa. Juu niliona kipande cha mbingu ukubwa wa leso, chini godoro bovu, na mbele yangu, kama mita mbili hivi, bwana mmoja aliyevaa fulana akikaanga kitunguu. Tukasalimiana.

Dalali, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, akanitajia "gharama ya huduma" ya mwezi mmoja juu ya amana. Nilikuwa nimesoma: tangu sheria ya makazi ya mwaka 2023 ada ya dalali ni ya mwenye nyumba, na amana ya kisheria ni kodi ya mwezi mmoja. Nikamwambia hivyo kwa Kihispania changu cha Havana. Akacheka kwa heshima, akasema hii si ada ya udalali, ni huduma. Madalali ni ukoo mmoja, hata wavuke bahari ngapi.

Nikiwa natoka, bibi wa ghorofa ya chini akaniuliza kama nina mtoto. Nikasema ndiyo. "Basi Machi usiwepo," akasema. Machi ni Fallas, sikukuu ya sanamu kubwa zinazochomwa moto usiku wa tarehe 19, na Ruzafa ni kama kitovu chake. Fataki usiku na mchana, alisema, na dirisha lake limepasuka mara mbili.

Siku ya 3, Alhamisi. Simu, halafu mahakama

Asubuhi nimepiga simu kumi na nne. Saba hazikupokelewa. Moja ilikuwa ya tapeli: yuko London kikazi, nimtumie amana naye atanitumia funguo kwa posta. Sita zilizobaki, nyumba ilikuwa imeshapangishwa. Kijana wa Argentina tunayekaa naye hosteli moja alikuwa akinywa chai yake pembeni, akanyoosha mkono, akaomba namba ya mwisho niliyopiga. Nyumba ilikuwepo. Aje saa kumi na moja jioni. Alikata simu, akanitazama, hakusema kitu. Nami sikusema kitu. Saa kumi na moja sikwenda.

Kilichoniokoa leo ni kwamba ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi saa sita mchana, mbele ya Mlango wa Mitume wa kanisa kuu, panakaa Mahakama ya Maji ya Valencia. Nilisoma habari zake chuoni miaka mingi iliyopita na sikuwahi kufikiri nitaiona kwa macho. UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia usioshikika mwaka 2009. Wajumbe wanane waliovaa majoho meusi mafupi wanakaa kwenye viti vya mbao, nusu duara, ndani ya uzio mdogo wa chuma. Kengele ya mnara inapiga mara kumi na mbili. Tarishi mwenye fimbo ya shaba anaita kwa Kivalencia, mfereji mmoja baada ya mwingine: walioshtakiwa wa Quart! Wa Mislata! Wa Mestalla! Wa Favara! Wa Rascanya! Wa Rovella!

Wanaofuata mpira hapo wameshtuka. Ndiyo, Mestalla, uwanja wa timu ya Valencia uliofunguliwa mwaka 1923, umepewa jina la mfereji wa kumwagilia mboga.

Kesi inasikilizwa kwa mdomo tu, haina wakili, hukumu inatolewa papo hapo. Leo hakukuwa na mshtakiwa hata mmoja, na dakika chache baadaye wajumbe walinyanyuka wakaondoka. Watalii wakaguna, wamesimama juani bure. Mimi nilikuwa nimejikausha machozi. Nimefanya kazi miaka kumi bonde la Pangani, nimekaa vikao vingi na wazee wa mifongo, ile mifereji ya asili, kule Uchagani, wakigawana zamu za maji kwa saa na kwa ukoo, na nimewaona wataalamu wa mjini wakiwaita wazee hao kikwazo cha maendeleo. Hapa wamewekewa uzio wa chuma na watu wanawapiga picha.

Nikirudi nilipita vichochoro vya mji wa kale, eneo la El Carmen. Sitakaa huko, kila mlango wa pili ni nyumba ya watalii. Ila kwenye ukuta mmoja, juu ya kichwa changu, kuna kigae kilichoandikwa kwamba maji yalifika hapa Oktoba 14, 1957. Nimesimama chini yake nikainua mkono. Sikukifikia.

Siku ya 4, Ijumaa. Orriols

Orriols iko kaskazini, kando ya uwanja wa timu ya Levante, na hakuna mtalii anayekuja huku. Majengo marefu ya enzi ya dikteta Franco, nguo zimeanikwa madirishani, wanaume wa Kipakistani mbele ya maduka ya simu, nyama ya halali kwenye kila kona. Nilihisi mabega yangu yanashuka. Hakuna aliyegeuka kunitazama.

Nilikuwa ndani ya duka la vyakula nikimpigia mume wangu kumwambia nimeona mihogo, na nazi, nazi kabisa yenye manyoya, ndipo mama mwenye duka akainuka nyuma ya mizani.

"Yaya! Unatokea wapi?"

Nikafikiri ananitaka kazi ya kulea mtoto, maana kwetu yaya ni mlezi wa watoto wa watu. Kumbe kwao Bukavu yaya ni dada mkubwa. Tulicheka hadi wateja wakatuangalia. Akaniketisha kwenye kreti ya soda, akanipa ndizi, akanipasulia hali ya mtaa kwa Kiswahili chake kitamu kilichochanganyika na Kifaransa. "Yaya, nyumba hapa iko bei ya chini, lakini asenseri inakufaka kila siku. Na uulize papiye mbele ya kulipa. Mbele, yaya!"

Nikaenda kuona nyumba nikiwa na onyo lake kichwani. Ghorofa ya tano, lifti imekufa kama alivyosema, euro 780, vyumba vitatu vyenye madirisha ya kweli. Niliipenda. Nikauliza kuhusu *padrón*. Hii ni barua ya serikali ya mtaa ya Wahispania: unajiandikisha manispaa kwamba unaishi anwani fulani, na bila karatasi hiyo mtoto hapati shule kwa urahisi, hupati kadi ya hospitali, kibali cha ukaazi kinakwama. Mwenye nyumba akasema kodi alipwe taslimu, na *padrón* isahau, kwa sababu mtu mwingine tayari ameandikishwa pale. Watu wangapi? Akatazama dirishani.

Nimeondoka na nazi mbili na namba ya simu ya mdogo wangu mpya.

Siku ya 5, Jumamosi. El Cabanyal

Hatimaye bahari. Valencia ni mji wa ajabu kidogo: uko pwani lakini umeipa bahari mgongo. Kanisa kuu, soko kuu na manispaa viko kilomita nne hivi ndani, na wavuvi walijijengea kijiji chao peke yao kule mchangani. Kijiji hicho ndicho El Cabanyal. Kwa miaka sitini, 1837 hadi 1897, kilikuwa mji unaojitegemea ulioitwa Mji Mpya wa Bahari, ndipo Valencia ikaumeza. Kwanza walikaa vibanda vya makuti vya aina yao, *barracas*, na moto ulipoviteketeza mara kadhaa wakajenga nyumba za matofali palepale vilipokuwa vibanda. Ndiyo maana mitaa imenyooka sambamba na ufuo, myembamba, mirefu, na nyumba zina upana wa kibanda.

Lakini nyuso za nyumba hizo! Vigae vya kijani, vya buluu, vya rangi ya kiini cha yai, kila mwenye nyumba kachagua chake kama kanga. Nilikwenda taratibu, mkono ukutani. Kwenye nyumba moja vigae vilikuwa vimedondoka chini, na pale nilipogusa plasta palitoka ungaunga mweupe. Niliuonja. Chumvi. Nyumba ya marehemu bibi yangu, Ngamiani, ilikuwa ikitoa ungaunga huohuo kila baada ya mvua za masika, na fundi alipewa kazi ileile kila mwaka.

Mtaa huu uliponea chupuchupu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 manispaa ilipanga kurefusha barabara kuu ya Blasco Ibáñez mpaka baharini, ipite katikati ya El Cabanyal, na zaidi ya nyumba 1,600 zibomolewe. Wakazi waliunda chama chao, Salvem el Cabanyal, wakapigana mahakamani na mitaani kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na mwaka 2015 uongozi mpya wa mji ukaufuta mpango huo. Makovu yapo. Unatembea kati ya nyumba zilizopendeza, ghafla unakuta kiwanja kitupu chenye majani, na ukutani alama za ngazi na vigae vya bafu la watu waliohamishwa.

Sasa wamekuja wengine. Pembeni mwa milango mingi kuna visanduku vidogo vya chuma vyenye namba za kuzungusha, ndani mna funguo za wageni wa siku tatu. Kwenye mtaa mmoja nimehesabu kumi na moja, upande mmoja tu.

Jioni ndiyo iliyonivuruga akili. Saa moja na nusu hivi wazee walianza kutoa viti vya plastiki nje, wakaviweka kwenye njia ya miguu, migongo ukutani, wakakaa. Wanaita kukaa *a la fresca*, kupunga upepo. Nimezaliwa kwenye nyumba yenye baraza, najua ninachokiona. Mzee mmoja alikuwa anachambua mfumo mzima wa mpira wa Uhispania bila msikilizaji. Mama wawili wakanisogezea kiti bila kuniuliza mimi nani. Tukaongea upepo: wa mashariki wanauita *llevant*, unaleta unyevu na mvua kubwa za vuli, na wa magharibi, *poniente*, unatoka bara ukiwa mkavu kama pumzi ya tanuri. Nikawaeleza kaskazi na kusi. Wakauliza kusi inaleta samaki gani.

Nyumba iliyokuwepo ni ya chini, euro 880, chumba kimoja na kisebule. Nimewaambia nitafikiri. Nimekwenda ufuoni usiku nikatembea mchangani mpaka miguu ikachoka kabla sijafika majini, kwa jinsi ufuo ulivyo mpana. Nililoa mpaka magotini. Maji vuguvugu. Nimempigia mume wangu nikamwambia tumepata.

Siku ya 6, Jumapili

Nimepumzika. Nimetembea kwenye bustani ya Turia, ambayo ni mto uliohamishwa: baada ya mafuriko ya 1957 waliuchimbia njia mpya kusini mwa mji, na mkondo wa zamani ukabaki mtupu. Serikali ilitaka kuweka barabara kuu humo. Wananchi wakasema mkondo ni wetu na tunautaka wa kijani, na leo ni kilomita tisa za miti, viwanja na vijia chini ya madaraja ya karne nyingi.

Watu watatu tofauti waliokuwa wakikimbia walinipungia wakisema "Kenya!" Hapa ndipo marehemu Kelvin Kiptum alipokimbia marathoni yake ya kwanza, Desemba 2022, kwa saa 2:01:53, kwa hiyo nawaelewa. Wa tatu nilimwambia mimi ni Mtanzania na nina goti bovu. Akanipongeza hata hivyo.

Siku ya 7, Jumatatu. La Torre

Nilikwenda kwa sababu ya bei. Vyumba vitatu, chini, rangi mpya, euro 650. Unavuka mto mpya kwa daraja la waenda kwa miguu kutoka San Marcelino, na ukiwa katikati ya daraja unaona kazi yote ya wahandisi wa miaka ya 1960: mfereji mpana wa ajabu, mkavu, kingo zake za mawe. Kwa macho ya fani yangu ni kazi safi. Uliukinga mji. La Torre ni ya manispaa ya Valencia, lakini iko ng'ambo ya pili.

Oktoba 29, 2024 mvua ya vuli ilianguka milimani, bonde la Poyo likafurika, na vitongoji vya kusini vikazama: Paiporta, Catarroja, Alfafar, Sedaví, La Torre. Walikufa watu zaidi ya 220. Tahadhari kwenye simu za watu ilifika saa 2:11 usiku, wakati wengi walikuwa tayari wamo majini, wengine kwenye gereji za chini ya majengo wakijaribu kuokoa magari. Daraja nililopita leo ndilo walilolipita maelfu ya vijana wa mjini siku zilizofuata, na mafagio na majembe begani.

Nyumba ilinuka rangi. Mwenye nyumba, baba wa makamo, mpole, alinionyesha jiko jipya, bomba jipya, swichi mpya ambazo zote zilikuwa zimepandishwa juu, usawa wa bega. Sikuuliza kwa nini. Niliomba kuona ua wa nyuma. Kule rangi haikuwa imefika, na ukutani palikuwa na mstari wa kahawia umekwenda sawa kabisa, kama umepigwa kwa pima maji. Nikausogelea. Ulinifika kifuani. Juu yake ukuta mweupe, chini yake rangi ya chai ya maziwa, na ndani ya ufa mmoja kulikuwa na jani la mwanzi limekaukia.

"Mama yangu alikuwa anakaa hapa," akasema. Halafu, kwa haraka: "Yupo. Jirani alimvuta juu kwa shuka."

Nikamwambia samahani, nina mtoto. Akasema anaelewa, wote wanasema hivyo. Alinisindikiza mpaka mwanzo wa daraja.

Usiku nilifungua daftari, nikaifikiria ile nyumba ya chini ya El Cabanyal, na mama wawili wa kiti cha plastiki waliosema mvua kubwa huja na *llevant*. Bonde la Poyo halifiki huko, najua. Lakini nilijikuta napiga hesabu ya mwinuko wa mtaa kutoka usawa wa bahari, na usingizi haukuja mapema.

Siku ya 8, Jumanne. Benimaclet

Chuoni kwenye ubao wa matangazo kulikuwa na karatasi imeandikwa kwa mkono, herufi za mtu aliyefundishwa na watawa: nyumba Benimaclet, vyumba viwili, familia, si wanafunzi wa sherehe. Nilikwenda kwa miguu, dakika kumi na nane.

Benimaclet nacho kilikuwa kijiji, mji ukakifuata na kukizunguka. Majengo marefu yanakwenda, yanakwenda, mara yanakoma, unaingia kwenye mitaa ya nyumba za ghorofa moja, kanisa, uwanja mdogo, mkahawa wenye meza nne. Unavuka upande wa pili, lami inakatika kama imekatwa kwa kisu. Ng'ambo ya barabara ni mashamba. Vitunguu, kabichi, na jani refu jembamba nililolitambua nikiwa mbali, nikakataa kuamini. Nikainama nikang'oa moja. Ndago! Basi si ile ndago iliyowatoa jasho wakulima wetu, ni ndugu yake, yenye vitunda vitamu chini. Hapa wanaiita *chufa*, wanailima kwa mistari, wanaisaga na maji na sukari, na kinywaji chake, *horchata*, ndicho fahari ya mji wa jirani wa Alboraya. Mama yangu alipoteza ujana wake akipalilia mmea ambao jamaa yake huku anapewa mbolea.

Kando ya shamba mfereji ulikuwa unapitisha maji. Nilimuuliza mkulima ni wa nani. Akanitajia jina la mfereji. Nilitamani kumwambia nimesikia jina lake likiitwa Alhamisi.

Mwenye nyumba ana miaka 78 na anakaa mlango wa 1. Inayopangishwa ni mlango wa 7. Huku hawaandiki ghorofa kwenye anwani, milango inahesabiwa tu kutoka chini mpaka juu, na kwa kuwa kila ghorofa ina miwili, mlango wa 7 ni wa ghorofa ya nne. Lifti hakuna. Ngazi 72. Madirisha matatu, moja likitazama ndago. Euro 850. Nikiwa nahema kwenye kizingiti, mjukuu wake akaita kutoka chini, "Iaia! Iaia!" Nikageuka. Kumbe Wavalencia bibi wanamwita yaya. Nilipata shida kumweleza bibi huyo kwa nini nacheka.

Swali la *padrón* niliuliza kabla ya swali la kodi. Akashangaa: "Utaandikishwa wapi kama si unapolala?" Halafu naye akauliza lake: nani analipa, na huyo anayelipa anarudi nyumbani saa ngapi.

Siku ya 9, Jumatano. Saa za usiku

Mchana kila mtaa ni mzuri. Nimekwenda kote kuwili usiku. El Cabanyal saa tano: viti vya wazee vimesharudi ndani, mbele ya kila kisanduku cha funguo kuna gurudumu za masanduku zinakwaruza, na kundi la vijana wa Kiingereza linatafuta mlango. Benimaclet saa sita: wanafunzi wanapiga kelele uwanjani, kelele nyingi tu, nisiseme uongo. Lakini upande wa ndago kulikuwa kimya, na nilisikia maji.

Nikawapigia simu nyumbani kabla hawajaamka vizuri. Mume wangu aliuliza ngazi ni ngapi, akanyamaza. Binti akachukua simu.

"Mama, bahari inaonekana?"

"Haionekani."

"Sasa tumeenda huko kufanya nini?"

Nikamwambia kuna tramu namba nne, inapita karibu na nyumba na inashuka mpaka ufuoni. Akauliza kama ana ruhusa ya kupanda peke yake. Nikasema tutaona. Akasema nimesema hivyo hivyo kuhusu baiskeli.

Siku ya 10, Alhamisi

Tumesaini mezani kwa iaia, mjukuu akisoma vifungu kwa sauti. Mkataba wa miaka mitano, kama sheria inavyonipa, na amana ya mwezi mmoja. Miadi ya manispaa kwa ajili ya *padrón* nimeipata baada ya wiki tatu, na nimeambiwa hiyo ni bahati.

Kulikuwa na nafasi moja tu iliyotuchelewesha. Fomu inataka majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, na mimi nina moja. Mjukuu alitaka kuweka kistari. Iaia akakataa, akasema kistari kinaonekana kama mtu aliyekufa. Nikaandika jina la baba yake mama, ambalo halijawahi kuandikwa kwenye karatasi yangu yoyote, na jioni likawa limeshabandikwa kwenye sanduku la barua, kwa herufi zile za watawa.

Masanduku nimeyapandisha moja moja, ngazi 72 mara mbili. Iaia akanifuata polepole akiwa na bakuli la maharage mabichi ya *garrofó*, yale mapana meupe wanayoweka kwenye paella, akitaka kuona nimeleta nini kutoka Afrika. Nikaikunjua mbuzi, nikaiweka sakafuni nikitafuta namna ya kumweleza nazi, na kabla sijapata neno alikuwa ameshaikalia, mgongo akiyapa meno, bakuli mapajani, akaanza kumenya.